Chachu ya Wodi na Chachu ya Sufuria

“Mmenisafisha, ama mmenisamehe tu?”

Nyar Seme aliniuliza hivyo akiwa ameshika kata yake nje ya geti la hospitali, asubuhi ya kwanza aliyorudi kuuza uji pale. Kwa muda mrefu kabla ya asubuhi hiyo nilikuwa nimelinganisha chachu ya sufuria yake na chachu iliyotoka kwenye damu ya watoto wachanga. Nilikuwa nimezilinganisha ndani ya panya, kwenye sahani za maabara, na hata usingizini. Nilimwomba kikombe cha uji nikaunywa wote, nikidhani hilo lingetosha kuwa jibu. Halikutosha. Uji ulikuwa mtamu, lakini hakuwa ameniuliza kuhusu utamu.

Nawaandikia ninyi mnaochukua chumba cha wanyama wa majaribio baada yangu. Najua mnaniita mstaafu kwa utani, kwa sababu nina miaka thelathini na minne na sijaota mvi. Lakini kilichostaafu ni mapafu yangu. Mwili umeamua kwamba manyoya na mkojo wa panya ni adui, na daktari wa kifua ameniambia nikiendelea kuingia humo ndani nitakuja kuitafuta pumzi kwa tochi. Mama yangu anaamini nimefukuzwa kwa adabu. Nimemwacha aamini hivyo, maana nikimweleza habari ya mkojo wa panya atauliza nilikuwa natafuta nini karibu nao tangu mwanzo.

Siku yangu ya kwanza nilifika na maswali mengi kuliko vitendea kazi. Nilivua viatu mlangoni, nikavaa vingine vya mpira vilivyonizidi, nikavaa koti juu ya koti, nikaingia kwenye chumba chenye feni inayonguruma na harufu ya maranda ya mbao iliyochanganyika na kitu kikali kinachopanda puani. Dkt. Nafula, daktari wa mifugo aliyekuwa mkuu wa chumba hicho, alikuwa amempakata panya mweupe kwenye kiganja akimpima uzito. Alikuwa mwenyeji wa Kakamega, na sisi wote wa upande wa ziwa alituita watu wa samaki.

“Kwa nini panya?” nilimuuliza kabla hata ya kumsalimia vizuri. “Panya si mtoto wa binadamu.”

“Umeingia saa ngapi?”

“Sasa hivi.”

“Basi umechelewa. Wengine huuliza hilo wakiwa bado mlangoni.” Alimrudisha panya kwenye kizimba chake. “Nawa mikono uje nikuonyeshe kumshika. Ukishajua kumshika, utauliza ukiwa na adabu.”

Alinifundisha kumshika panya kama unavyoshika yai la mtu mwingine. Ukikaza sana unavunja, ukilegeza unaangusha, na kwa vyovyote si lako. Alinifundisha kuuloweka mkia kwenye maji ya vuguvugu, ya kiwango cha kumwogesha mtoto, ili mshipa uvimbe na sindano iingie mara moja. Aliniambia kuwa mkono unaotetemeka unapaswa kupumzika, hata kama mkuu wa taasisi amesimama nyuma yako na wageni. Nilinung’unika kwa majuma mazima, na niliumwa vidole mara nyingi. Bibi yangu aliposikia kazi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. “Yawa, Achieng’! Umesoma mpaka chuo kikuu ukafuge oyieyo?” Oyieyo ni panya kwa Kijaluo. Kwa lugha yoyote, sikuwa na la kujitetea.

Kuna neno moja la Nafula ambalo ningependa mlichukue pamoja na funguo za chumba. Nilikuwa nimelalamika kwamba tunatumia wanyama wengi. Nilitegemea anipe hesabu za takwimu, kwa nini kundi dogo halitoshi. Badala yake alisema, “Idadi si dhambi kubwa. Ukiuliza swali baya, hata panya mmoja amekufa bure.” Wakati huo nililiona ni neno la kubandika ukutani. Nilikuja kulielewa kwa gharama.

Kesi yenyewe ililetwa na Dkt. Okelo, aliyekuwa daktari wa wodi ya watoto wachanga kwenye hospitali moja hapa mjini. Alikuwa mtu wa haraka, shati limekunjwa mikono, na macho mekundu ya mtu asiyelala kwake. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wakipata homa, na damu yao ikioteshwa maabara inaota chachu. Dawa ya kawaida ya fangasi haikuigusa. Wengine walipona kwa dawa kali zaidi. Mmoja hakurudi nyumbani.

Neno chachu huwachanganya watu, kwa hiyo nieleze. Viumbe vidogo vinavyoumua unga na kuchachusha uji ni wa jamii kubwa, na wengi wao hawamdhuru mtu. Ile iliyokuwa kwenye damu ya watoto ilikuwa ya aina ileile hasa inayopatikana kwenye uji mchachu. Sisemi jamaa wa mbali. Kwa darubini na kwa vipimo tulivyokuwa navyo, walikuwa watu wa boma moja. Na uji mchachu wa wimbi na muhogo, kama mnavyojua, ndicho kinywaji cha kila mama aliyejifungua huku kwetu. Ukitaka maziwa yashuke, unapewa uji. Hata aliyesoma udaktari akijifungua, mama mkwe wake humletea uji na yeye hunywa akikaa kimya.

Uji wa wodi ile ulitoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Manyatta aliyeuza getini. Jina lake la ubatizo nililijua baadaye sana. Kila mtu alimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. Watu wa hospitali walichukua uji kidogo kwenye sufuria yake, wakauotesha, wakakuta chachu ya aina ileile. Siku hiyohiyo tangazo likabandikwa: uji wa kuchachuka marufuku wodini, na Nyar Seme marufuku getini. Siku chache baadaye redio moja ya mjini ikasema kwa Kijaluo, nyuka nego nyithindo, uji unaua watoto. Hapakuwa na swali tena. Palikuwa na hukumu, na ilikuwa inacheza katikati ya matangazo ya mbolea na mazishi.

Ndipo Nyar Seme alipokuja kwetu. Alikuwa amesikia kwamba kuna mahali ambapo sufuria yake inapimwa. Askari wa lango alinipigia simu nikashuka. Nilimkuta amesimama wima kama mtu aliyekuja kanisani, kitambaa cheupe kichwani, pochi ameikumbatia.

“Wewe ndiyo daktari wa uji?”

“Mimi si daktari, Mama. Ni mtafiti.”

“Tofauti ni gani?”

“Daktari anatibu. Mimi nauliza.”

“Basi uliza haraka, nyathina.” Mwanangu, aliniita. “Juzi nimejaribu kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki imetolewa nyama, pale Obunga. Mtu anasimama, anaangalia samaki, anaangalia uso yangu, anasema, si huyu ndiyo yule wa uji? Samaki yenyewe imevuliwa ziwani, imekaangwa na mafuta moto, lakini anaenda kwa jirani. Sasa mimi nitapika nini kwa hii dunia?”

Alipogeuka kuondoka alisema tena, kwa sauti ya chini, kwamba kazi anaweza kupata nyingine, hata kufua. Lakini mtoto wa mtu alikuwa amekufa, na yeye alikuwa analala na sufuria chini ya kitanda, akijiuliza. “Kama ni mimi, niambiwe ni mimi. Kama si mimi, niambiwe si mimi. Hii ya katikati inaniua.”

Dkt. Okelo naye alitaka jibu, na alikuwa na swali tayari. Tuilinganishe chachu ya wodi na chachu ya sufuria ndani ya panya, tuone ipi kali. Kama ya sufuria ni pole na ya wodi ni kali, mama yule hana hatia. Kama zote ni kali, basi. Swali lilionekana safi. Lilikuwa na pande mbili kama sarafu. Hata mimi ninayeshuku saa ya ukutani sikulishuku.

Tulianza na panya wenye afya. Hawakushtuka. Walikula, wakapanda magurudumu yao, chachu ikaisha mwilini mwao kama vumbi baada ya mvua. Kwa hiyo tuliwapunguzia wengine kinga kwa dawa, ili wafanane kidogo na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Hapo nilisisitiza jambo moja ambalo naomba mlishike: anayempima panya asijue panya huyo amepewa nini. Nafula alifunika majina akabandika herufi, na ufunguo wa kusoma herufi hizo akauweka kwenye droo yake. Jicho la binadamu ni shahidi wa kununuliwa. Ukijua huyu ana chachu ya wodi, utamwona amejikunja mgongo hata kama anajikuna.

Kila asubuhi nilipita kizimba kwa kizimba nikiangalia manyoya yaliyosimama, mgongo uliopinda, uzito ulioshuka. Aliyefika kiwango cha mateso tulichokubaliana alilazwa usingizi wa mwisho kwa dawa kabla hajateseka zaidi. Baadaye tulisaga figo zao, tukaotesha, tukahesabu vidoto vyeupe kwenye sahani. Katikati ya jaribio mimi na kijana wa usafi wa vizimba tuliwekeana soda. Mimi nilisema kundi lenye herufi ya kwanza ndilo la wodi, kwa kuwa lilionekana kuchoka zaidi. Yeye akashika lile la pili.

Nafula alipofungua droo, kundi nililoliona limechoka lilikuwa limepewa chachu ya sufuria. Na baada ya kuhesabu kila kitu, hata uchovu huo haukuwepo. Vifo vilikuwa sawa. Figo zilikuwa sawa. Chachu ya wodi na chachu ya sufuria zilikuwa na ukali mmoja kwa mnyama asiye na kinga, na upole mmoja kwa mwenye kinga. Soda nililipa mimi, kwa kuwa kijana alisema aliyekosea kwa sauti kubwa ndiye hulipa.

Tuliandika ripoti kwa uangalifu. Tulisema chachu ya uji ina uwezo wa kuua panya aliyepunguziwa kinga. Nilibishana na Nafula nusu siku juu ya hayo maneno mawili, ina uwezo. Yeye alitaka tuyaondoe kabisa tutafute mengine. Mimi nilisema Kiswahili kiko wazi, mwenye uwezo wa kufanya si lazima awe amefanya. Hata mimi nina uwezo wa kuiba benki. Ripoti ilipofika hospitalini, “ina uwezo wa kuua” ilisomwa “inaua” kabla karatasi haijapoa. Dkt. Okelo alinipigia simu kunishukuru.

“Kwa hivyo ni ile mama.”

“Hatukusema hivyo.”

“Umesema chachu yake inaua.”

“Nimesema inaweza.”

“Achieng’, mimi niko na wodi imejaa. Nipe ndiyo ama hapana.”

“Swali lenyewe halina ndiyo wala hapana!”

“Basi mbona mliua panya?”

Simu ilikatika, au aliikata. Nilikaa kwenye kiti cha mpira mlangoni mwa chumba cha wanyama nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nafula alikuja akasimama kando, akanipa karatasi ya kujifutia.

“Sasa unajua swali baya linafananaje,” alisema. “Linafanana na zuri.”

Tangu hapo nilianza kuwa msumbufu kwelikweli. Nilikwenda nyumba kwa nyumba Manyatta nikiomba uji kwenye sufuria za watu. Nilikwenda mpaka Luanda Kotieno, kwa shangazi yangu anayeuza uji kwa watu wanaosubiri feri ya Mbita. Shangazi alinijazia chupa, akaniuliza kama hao panya wangu wanapenda sukari. Tuliziotesha sampuli zote. Safari hii hatukutumia panya wengi. Chache tu tulizijaribu, za kutosha. Chachu ya Kotieno, chachu ya Nyar Seme pale Manyatta, ya jirani yake na ya jirani wa jirani, zote zilikuwa na ukali uleule. Maana yake ni kwamba kila sufuria ya uji ukingoni mwa ziwa hili ina mnyama anayeweza kumuua mtoto asiye na kinga, na tangu enzi za bibi zetu hajaua watoto. Tulikuwa tumepima meno ya mnyama, wakati kilichotakiwa ni kujua nani alimfungulia mlango wa wodi.

Mlango nilikutana nao bila kuutafuta. Nilikwenda wodini kuchukua sampuli za vikombe, na mkuu wa wauguzi, Sista Auma, akanizuia kizingitini. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kwaya.

“Mikono kwanza, msomi.”

Nilibonyeza chupa ya sabuni ya maji. Iliyotoka ilitiririka kama maji ya kunawia samaki, haikutoa povu.

“Sista, hii sabuni yenu imekonda.”

“Tunaiongeza maji kidogo. Mwezi ni mrefu, mamangu. Kwenu hamuongezi?”

Tulicheka. Kwetu tunaongeza. Sijawahi kuingia nyumba Kisumu ambayo chupa ya sabuni haikuongezwa maji, ikatikiswa, ikaongezwa tena hadi ikabaki harufu tu. Ni ustadi tunaofundishwa na mama zetu, na mtu anayetupa chupa ikiwa na povu chini huonekana hakulelewa. Nilinawa, nikachukua vikombe vyangu, nikaenda zangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye mteremko wa kurudi maabara wakati akili yangu ilipogeuka na mguu ukafuata.

Tulikuwa tumezilinganisha chachu hizo kwa kuua. Nafula ndiye aliyesema sasa tuzilinganishe kwa kuishi. Tuliziweka kwenye sabuni kamili, zote zikafa. Tukaziweka kwenye sabuni iliyoongezwa maji vile wodi ilivyoongeza. Za sufuria zote, ya Nyar Seme pamoja na ya shangazi, zilikufa. Ya wodi iliishi. Wala haikuishi kwa shida, ilistarehe. Tuliomba chupa zenyewe, na ndani yake, kwenye utelezi uliojishika chini, tuliikuta imejaa. Wauguzi waliokuwa makini kuliko wote, wanaonawa kabla ya kila mtoto, walikuwa wakijipaka ugonjwa kila waliponawa. Chachu ilifikaje kwenye chupa mara ya kwanza, sijui hadi leo. Labda kwa kikombe cha uji kilichosuuzwa kwenye sinki lile, labda kwa ganda la ndizi, labda kwa mkono wa mgeni kama mimi.

Chupa zilitupwa. Zikaletwa ndogo, ambazo zikiisha hutupwa, na kibandiko kikubwa ukutani: USIONGEZE MAJI. Sista Auma alikisimamia kama amri ya kumi na moja. Watoto wakaacha kuugua. Wiki zikapita, kisha miezi, na wodi ikawa na kelele ya kawaida ya watoto wenye njaa.

Nilimwendea Dkt. Okelo nikiwa na furaha na ripoti mpya. Aliisoma yote, na kwa haki yake, alinishika mkono kwa mikono miwili. Kisha nikamwambia aondoe marufuku ya uji.

“Sabuni na uji vyote vimeondoka,” alisema. “Watoto wamepona. Wewe unajua kama sabuni peke yake ingetosha?”

“Ndiyo maana uondoe marufuku. Uji ukirudi na watoto wakabaki salama, tutakuwa tumejua.”

“Na mtoto akiugua?”

“Pia tutakuwa tumejua.”

“Wewe utakuwa umejua. Mimi nitakuwa nimezika.”

Mimi ninayeuliza kila kitu nilirudi maabara nikiwa nimefungwa mdomo na mtu mwenye shati lililokunjwa, kwa sababu alikuwa sahihi. Watoto walipona vitu vyote viwili vikiwa vimeondoka, na ukiondoa viwili hujui kama kimoja peke yake kingetosha. Tunawafundisha wanafunzi hilo katika juma la kwanza. Jaribio pekee ambalo lingemsafisha Nyar Seme ni jaribio ambalo hakuna mtu mwenye moyo angelifanya.

Marufuku haikuondolewa. Ilizeeka. Dkt. Okelo alihamishwa, akaja mwingine ambaye hakujua habari, tangazo likafifia kwa jua mpaka likawa karatasi nyeupe, na asubuhi moja Nyar Seme akawasha jiko lake getini, na hakuna aliyemfukuza. Nilimpitia, akaniuliza lile swali nililowaanzia nalo. Watu walianza kununua tena, kwanza kwa haya, baadaye kwa foleni. Lakini niliona namna alivyokuwa akimtazama kila mama aliyebeba mtoto mdogo akipita. Alimtazama mtoto kwanza, kisha kikombe, kisha mtoto.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri. Tulifundisha wodi nyingine habari ya chupa. Tulijifunza kutumia viwavi wa nondo wanaokula nta ya nyuki badala ya panya kwa majaribio ya kwanza. Wakishindwa na chachu wanageuka weusi, na hawaumi vidole. Kama mtaniuliza, anzeni na hao kila mnapoweza. Mimi nilianza kupiga chafya, kisha kukohoa, kisha kufunga kifua kila Jumatatu. Nafula, aliyekuwa ameshastaafu kihalali, alikuja kunitazama akasema, “Sasa panya wamekujibu.” Nikakabidhi funguo.

Mliponiandalia ile sherehe ya kuniaga uani, nilisema sitaki keki, nataka uji, na nikamwalika Nyar Seme apike. Nilimwalika pia Sista Auma, ambaye sasa analima mboga Kajulu na sauti yake haijapungua. Mlikuwa mnacheza muziki, hamkusikia tulichozungumza kwenye ile benchi karibu na tangi la maji. Sista alikuwa kwenye kikombe cha pili.

“Huu uji,” alisema, “ndiyo ulituweka hai ile miezi ya vita ya sabuni.”

“Ile miezi ulikuwa marufuku, Sista.”

“Getini, ndiyo.”

“Na wodini.”

“Wodini ulikuwa unaingia na thamosi.” Alinitazama kana kwamba mimi ndiye wa pekee mjini nisiyejua. “Wale madani, nyanya za hao watoto, walikuwa wananunua kwa huyu nyumbani kwake Manyatta, jua haijatoka, wanatia kwa thamosi, wanaleta. Soja wa geti anauliza ni nini, wanasema chai. Chai gani hiyo inanuka wimbi? Lakini naye ako na nyanya, atafanya nini?”

“Na wewe uliona?”

“Mama hana maziwa, mtoto ni mdogo kama kuku, unataka nimnyang’anye kikombe nimwambie nini? Hiyo marufuku iliandikwa na mtu hajawahi kunyonyesha.”

Nyar Seme alikuwa amesimama nyuma yetu na kata ikidondosha uji kwenye majani. “Yawa, Sista! Wale wamama walikuwa wananiambia ni ya wazee wao nyumbani!”

“Wangekuambia ni ya wodi, ungewauzia?”

“Singeuza! Hata tone!”

“Ndiyo maana hawakukuambia.”

Nyar Seme aliketi kwenye benchi kati yetu, akaniangalia mimi, si Sista. Nilimwambia anipe siku kidogo. Alicheka, akasema mimi nitakufa nikiuliza.

Kazi yangu ya mwisho niliifanya bila panya na bila koti. Nilimtafuta askari aliyekuwa getini wakati ule. Niliwatafuta mama waliokuwa wamelaza watoto wodini, wengine Obunga, wengine mashambani, na mmoja ambaye mtoto wake alinifungulia mlango mwenyewe akiwa amevaa sare ya shule. Nilimuuliza kila mmoja kivyake, bila kumwambia mwingine amesema nini. Kisha nilikwenda getini asubuhi, nikasubiri foleni iishe, nikampa Nyar Seme jibu lake, kama ninavyowapa ninyi sasa. Tangu siku marufuku ilipotangazwa hadi siku iliposahauliwa, kabla ya chupa kutupwa na baada ya kutupwa, uji wake uliingia wodini kila asubuhi na mama wakaunywa. Kilichobadilika ni sabuni peke yake.